Saini Haifundishi: Wito kwa Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki

Tarehe 22 Januari 1963, Rais Charles de Gaulle wa Ufaransa na Kansela Konrad Adenauer wa Ujerumani Magharibi walitia saini Mkataba wa Élysée jijini Paris. Mataifa yao yalikuwa yamepigana vita vikubwa vitatu kati ya 1870 na 1945, na makaburi ya vijana wao yametapakaa pande zote mbili za mpaka. Miezi mitano baadaye, mwezi Juni, Afrika Mashariki ilizindua Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Makerere, Nairobi na Dar es Salaam zikawa chini ya paa moja, na Mwalimu Julius Nyerere akawa mkuu wa kwanza wa chuo hicho.

Sisi ndio tulioanza tukiwa mbele. Hatukuwa na vita vya kusameheana, wala hatukuhitaji miaka ya kuzoeana. Lakini mwaka 1970 chuo chetu kiligawanyika na kila nchi ikabaki na chake, kwa sababu kila nchi ilikuwa na kiu ya wataalamu wake, na haja hiyo ilikuwa ya kweli. Wafaransa na Wajerumani wao walijenga polepole, mpaka leo wanafunzi wapatao 6,000 husoma sehemu ya masomo yao Ufaransa na sehemu nyingine Ujerumani, kisha huhitimu na shahada mbili, moja ya kila nchi.

Siandiki haya ili tukalie kuulilia mwaka 1970. Naandika kwa sababu naamini kwa moyo wangu wote kwamba wahadhiri walioko kazini leo, kuanzia Dodoma hadi Kampala, kuanzia Eldoret hadi Bukavu, wanaweza kuifungua upya njia ile. Safari hii ifunguliwe kutoka chini, somo kwa somo, na ijengwe isibomoke.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Katika mpango wa shahada mbili, vyuo vikuu viwili vya nchi mbili hukaa pamoja na kupanga mtaala unaoshikana. Mwanafunzi husoma mihula kadhaa huku na mihula kadhaa kule. Kila chuo hukubali masomo aliyoyafanya kwa mwenzake kana kwamba yamefanyika kwake, na mwishoni kila chuo humpa shahada yake kamili. Hasomi mara mbili. Anasoma mara moja, kwa mpango mmoja, na kazi yake inahesabiwa pande zote mbili. Kijana wa namna hiyo anaweza kuajiriwa katika nchi zote mbili bila kuanza kuhangaika na vyeti. Zaidi ya hapo, ameishi na watu wa kule, amefanya mitihani yao na anajua wanavyofikiri.

Walianza wawili, mpakani

Tuwatazame kwa karibu hao waliofanikiwa, maana tunachohitaji ni kujua walivyofanya, tusiishie kuwasifu.

Saarbrücken ni mji wa Ujerumani ulio mpakani kabisa mwa Ufaransa. Metz ni mji wa Ufaransa ulio upande wa pili, mwendo wa saa moja hivi kwa gari. Eneo hilo lote lina historia nzito. Metz ilitawaliwa na Ujerumani kuanzia 1871 hadi mwisho wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Jimbo la Saarland, ambalo Saarbrücken ni makao yake makuu, lilishikwa na Wafaransa baada ya Vita vya Pili, likaingia Ujerumani Magharibi mwaka 1957. Kama kuna mahali ambapo watu wangeweza kusema "hawa hatuwezi kukaa nao darasa moja," ni hapo.

Hapohapo, mwaka 1978, ilianzishwa taasisi ya pamoja ya elimu ya juu kati ya Saarbrücken na Metz, ya kufundisha ufundi na uchumi. Vijana wa Kijerumani na wa Kifaransa waliwekwa kwenye kundi moja, wakasoma pamoja, sehemu Metz na sehemu Saarbrücken, kila mmoja akilazimika kuimudu lugha ya mwenzake kiasi cha kufanyia mtihani. Hakukuwa na chuo kikuu cha pamoja cha kitaifa wakati huo. Kulikuwa na miji miwili jirani, wahadhiri waliokuwa tayari, na eneo la mpakani lililohitaji wahandisi wanaoelewa pande zote mbili.

Serikali zilikuja baadaye sana. Mkataba wa kuunda Chuo Kikuu cha Ufaransa na Ujerumani ulitiwa saini mjini Weimar mwezi Septemba 1997, karibu miaka ishirini baada ya darasa la kwanza la Saarbrücken na Metz. Makao makuu yake yakawekwa Saarbrücken. Chuo hicho hakina kampasi wala kumbi za mihadhara. Ni mtandao unaounganisha vyuo vikuu karibu 200 vya nchi hizo mbili na kugharamia programu zao za shahada mbili. Fedha hutoka kwa serikali zote mbili, mwanafunzi hupata posho ya kila mwezi anapokuwa upande wa pili, na programu hutathminiwa upya kila baada ya muda. Isiyofanya vizuri haiendelei kulishwa.

Funzo hapa liko wazi. Darasa lilitangulia, mkataba mkubwa ukafuata. Sisi mara nyingi tumefanya kinyume chake. Tumeanza na hafla, bendera mbili mezani na picha ya pamoja, kisha tukasubiri darasa lijitokeze lenyewe. Halijitokezi. Saini ni posa tu, ndoa inaanza baada ya wageni kuondoka.

Meza, mitaala miwili na kalamu

Basi ndoa hiyo inaanzia wapi? Inaanzia kwenye meza ambapo mhadhiri wa huku na mhadhiri wa kule wameweka mitaala yao sambamba, wakiuliza swali moja: somo hili la kwako lina uzito gani kwangu?

Chukua mfano halisi. Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na mwaka wa masomo una krediti 120. Ulaya, krediti moja ni saa 25 hadi 30, na mwaka una krediti 60. Mwanafunzi wa Dar es Salaam amesoma somo la krediti 12. Likihesabiwa kwa saa, ni saa 120, na kwa mizani ya Ulaya linapata krediti 4, au 4.8 likipimwa kwa ukarimu. Lakini likihesabiwa kama sehemu ya mwaka, ni moja ya kumi ya mwaka, kwa hiyo linastahili krediti 6. Somo ni lilelile, mwanafunzi ni yuleyule, majibu ni mawili.

Sasa zidisha kwa mwaka mzima. Kwa njia moja mwanafunzi huyo anakwenda na krediti 60. Kwa njia nyingine anakwenda na 40 au 48. Pengo la krediti 12 hadi 20 ni sehemu kubwa ya muhula mzima, ambao una krediti 30. Huo ni muhula wa kulipia chumba, chakula na viza, kwa sababu tu watu wazima wenye shahada za uzamivu hawakukaa kitako kukubaliana hesabu kabla ya kumpandisha kijana ndege.

Alama nazo zina mtego wake. Ujerumani, 1 ndiyo alama ya juu kabisa na 5 ni kufeli. Tanzania, wastani wa 5 ndio kilele, na daraja la kwanza huanzia 4.4. Ufaransa hupima kwa 20, mwanafunzi hufaulu kwa 10, na mwenye 16 ni wa kupigiwa makofi, wakati huku kwetu mzazi akiona 16 kati ya 20 atauliza zile nne zimekwenda wapi. Pasipokuwa na jedwali lililokubaliwa na seneti zote mbili, mwanafunzi bora wa chuo kimoja anaweza kusomeka wa kawaida, au hata aliyefeli, kwenye chuo kingine.

Kazi hii haina shangwe. Hakuna mwandishi wa habari atakayekuja kupiga picha watu wawili wakibishana kuhusu krediti za Takwimu II. Lakini ninawaambia, wahadhiri wenzangu, hapo ndipo heshima ya ushirikiano wote inapojengwa. Jedwali moja la masomo lililokamilika, lenye safu ya huku, safu ya kule, krediti, alama na jina la anayewajibika, lina thamani kuliko hati kumi za makubaliano zilizofungiwa kabatini.

Yanayoufanya ushirikiano udumu

Ushirikiano mwingi hufa kimya kimya, na sababu zake zinajulikana. Tuziseme ili tuzizuie.

Ya kwanza ni kumtegemea mtu mmoja. Profesa mmoja ana rafiki aliyesoma naye nje, wanaanzisha jambo zuri, kisha mmoja anastaafu na jambo linastaafu naye. Dawa yake ni kuuweka ushirikiano kwenye idara. Kila upande uwe na mratibu na msaidizi wake, ofisi ya msajili iwe na faili, na mhadhiri kijana aingizwe kazini tangu mwaka wa kwanza ili ajue njia zote.

Ya pili ni fedha ya mfadhili. Tuipokee kwa shukrani inapokuja, lakini siku ya kuipokea ndiyo siku ya kuuliza: ikiisha, tunaendeleaje? Njia iliyozoeleka duniani ni mwanafunzi kulipa ada kwenye chuo chake na kusamehewa ada ya chuo mwenyeji, kwa sharti kwamba idadi ya wanaokwenda na wanaokuja ilingane baada ya miaka michache. Hapo gharama inayobaki ni nauli, malazi, bima na viza, na hizo zinaweza kupangiwa bajeti. Programu inayopeleka wanafunzi sita jirani kwa basi itaishi muda mrefu kuliko inayopeleka wawili ng'ambo kwa tiketi ya mradi.

Ya tatu ni njia ya upande mmoja. Wetu wakienda na wao wasije, huo si ushirikiano, ni kupeleka wanafunzi. Tusikubali kuwa wapokeaji tu. Tuna mambo ambayo dunia ingekuja kujifunza kwetu: ikolojia ya Serengeti, magonjwa ya kitropiki, jiolojia ya Bonde la Ufa, uvuvi wa Ziwa Victoria, na Kiswahili chenyewe, kinachofundishwa Bayreuth, Naples na Seoul. Kijana wa Kijerumani anayetaka shahada ya Kiswahili anastahili kukaa mwaka mzima Dar es Salaam au Zanzibar na kuondoka na shahada yetu. Tukiketi mezani, tukae tukijua tumekuja na nini.

Ya nne ni kuchelewa kutafuta ithibati. Mamlaka za elimu ya juu, kama Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania na wenzao wa Kenya na Uganda, zishirikishwe tangu rasimu ya kwanza. Kuwapelekea programu ambayo tayari ina wanafunzi ni kuwabebesha vijana hatari isiyo yao.

Ya tano, na kwangu ndiyo nzito kuliko zote, ni kukosa ahadi kwa mwanafunzi. Mkataba lazima useme wazi: hata ushirikiano ukivunjika kesho, kila aliyekwisha kudahiliwa atamaliza na atapata shahada zote mbili. Ahadi ni deni. Chuo kisichoweza kuandika sentensi hiyo hakijawa tayari, na ni heri kingoje mwaka mmoja kuliko kumwacha kijana katikati ya njia.

Zana tunazo tayari

Najua kuna anayesema moyoni: haya ni ya Ulaya, wao wana fedha. Ndugu yangu, tazama kilichoko mikononi mwetu.

Mkataba wa kwanza wa Afrika wa kutambuana vyeti vya elimu ya juu ulipitishwa Arusha mwaka 1981, ukaandikwa upya Addis Ababa mwaka 2014, na ule mpya ukaanza kutumika 2019. Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, lenye makao Kampala, lipo tangu 1980. Mfumo wa pamoja wa sifa za elimu ya juu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulipitishwa mwaka 2015, hasa ili krediti na ngazi za masomo za nchi hizi zisomeke kwa macho mamoja. Na mwezi Mei 2017, wakuu wa nchi waliokutana Dar es Salaam waliitangaza Jumuiya kuwa eneo moja la elimu ya juu. Viongozi walishafungua mlango. Kinachongojewa ni wahadhiri waingie.

Ushahidi kwamba tunaweza nao upo. Chuo Kikuu cha Makerere na Taasisi ya Karolinska ya Sweden wamesomesha pamoja watafiti wa uzamivu kwa miaka mingi na kuwatunuku shahada ya pamoja. Watafiti hao walisimamiwa na wataalamu wa pande zote mbili, wakachunguza maradhi yanayowasumbua wananchi wa Uganda wenyewe, na wengi wakabaki kufundisha nyumbani. Hapo hakuna aliyeporwa wataalamu wake. Ushirikiano mzuri hurudisha watu wakiwa na nguvu zaidi.

Tena tuna jambo ambalo wale wa Saarbrücken na Metz hawakuwa nalo. Wao walianza bila lugha ya pamoja. Mhadhiri wa Arusha na mwenzake wa Nairobi wanaweza kumaliza ubishi wao wa krediti kwa Kiswahili, wakanywa chai, wakaendelea. Umbali wa Arusha na Nairobi ni safari ya siku moja kwa basi kupitia Namanga. Goma na Gisenyi zimegusana. Bukoba iko karibu na Kampala kuliko ilivyo karibu na Dar es Salaam. Ramani yenyewe inatusukuma tushirikiane.

Kila mmoja na kazi yake

Wewe mkuu wa idara, usingoje barua kutoka juu. Chagua programu moja tu ambayo unajua ni imara, ile ambayo hutaona aibu kumwonyesha mgeni. Mtafute mwenzako wa chuo jirani ambaye tayari mmewahi kuandika makala pamoja au kutahini wanafunzi wa kila mmoja. Mwandikie leo.

Wewe msajili, wewe ndiye mlinzi wa ahadi. Kalenda zinapogongana, muhula wa huku ukifunguliwa Oktoba na wa kule Septemba, ni wewe utakayejua mwanafunzi apite wapi asipoteze hata mwezi. Dai uwe kwenye kikao cha kwanza. Ukiitwa mwishoni, umeitwa kuzima moto.

Wewe makamu mkuu wa chuo, toa muda. Mhadhiri anayejenga programu ya nchi mbili apunguziwe vipindi, na kazi hiyo ihesabiwe anapoomba kupandishwa cheo kama zinavyohesabiwa makala zake. Hatuwezi kusema jambo ni muhimu halafu tukawaachia watu walifanye usiku baada ya kusahihisha mitihani.

Wewe mzazi, usiogope mwanao akivuka mpaka. Uliza maswali magumu: shahada zote mbili zinatambuliwa? Ni nani anawajibika akiugua? Gharama yote ni kiasi gani? Chuo chenye majibu kinastahili imani yako.

Na wewe mwanafunzi, usidhani haya yatapangwa juu ya kichwa chako. Ingia kwenye vikao kupitia serikali ya wanafunzi. Soma Kifaransa kama unaitazama Burundi au Kongo. Omba kuona mtaala wa wenzako wa nchi jirani, uulinganishe na wako, umpelekee mhadhiri wako na kumwuliza: kwa nini sisi hatusomi pamoja na hawa? Swali hilo, likiulizwa na darasa zima, halipuuzwi.

Itatuchukua miaka. Kutoka darasa la Saarbrücken na Metz hadi mkataba wa Weimar ilikuwa karibu miaka ishirini, na walioanza walijua kwamba wengine ndio watakaokata utepe. Walianza hata hivyo. Sisi pia tunaweza kuwa kizazi kinachoanza, ili mwaka 2045 binti wa Kigoma mwenye shahada ya Tanzania na ya Burundi aonekane jambo la kawaida kabisa, asiyehitaji kuelezewa kwa mtu yeyote.

Kazi ya kwanza haihitaji mfadhili wala hafla. Inahitaji mitaala miwili, watu wawili na mchana mmoja wa uaminifu. Fungua mtaala wako, chagua somo moja, na ulipeleke kwa jirani kabla muhula huu haujafungwa.